Kila Mtu na Laurette Wake

Jumatatu ile Coletha alizima simu kabla hata ya chai ya saa nne. Wenzake kiwandani Jacobs, Durban, waliokuwa wakigonga vifuniko vya makopo ya rangi, walimtazama kwa mshangao, maana Coletha na simu yake walikuwa kama ulimi na meno. Lakini siku ile ilimchosha. Tangu alfajiri ilikuwa ikiita, na kila aliyepiga alikuwa na habari moja tu: Laurette.

Papy alipiga kusema Laurette ni zawadi ya Mungu, waitunze. Marie-Claire alipiga kusema binti yule akisifiwa namna ile ataharibika. Sia alipiga, na kwa ile sauti yake ya kuchagua maneno akasema kwamba binti ana kitu, hilo lazima yeye Sia akubali, ila asiharakishwe. Kisha Papy akapiga tena kwa kuwa kuna jambo alikuwa amesahau, na jambo lenyewe lilikuwa ni kusema yaleyale.

"Jamani, mtu kacheza nusu mechi," Coletha alifoka kwa Kiswahili, ingawa hapakuwa na mtu wa kumwelewa pale. "Nusu! Hata maharage hayaivi kwa muda huo."

Coletha alikuwa mwanamke wa Bukoba, mfupi, mwenye sauti ambayo pale kiwandani walisema inashindana na mashine. Ujanani alicheza mpira Mwanza. Durban alikuja kumfuata dada yake; dada akaolewa Johannesburg, yeye akabaki. Timu ya Mshikamano, ambayo yeye ndiye alikuwa kocha wake, aliianzisha na wanawake wa saluni za katikati ya jiji, wengi wao Wakongomani, pamoja na Watanzania wachache waliosoma chuoni Westville. Walicheza Jumapili mchana katika ligi ya wageni, kwenye uwanja wa bustani ulioota nyasi upande mmoja na vumbi upande mwingine. Mechi haikuwahi kuanza kwa wakati, maana wachezaji walitoka kanisani kwanza, na hakuna refa aliyeweza kumpulizia kipyenga mchungaji anayehubiri.

Namba kumi wa timu alikuwa Sia, Mchaga wa Marangu, mwanafunzi wa shahada ya pili. Uwanjani Sia aliwapanga watu kama shangazi wa bibi harusi: wewe huku, wewe kule, na wewe unangoja nini? Mpira wote ulipitia kwake. Jumapili ile, dhidi ya Warundi wa mtaa wa Point, goti lake likageuka vibaya, wakamtoa amebebwa. Coletha akageukia benchi. Walikuwapo golikipa wa akiba na Laurette.

Laurette alikuwa na miaka ishirini. Alitoka Uvira, alisuka nywele kwenye saluni ya Marie-Claire, na katika majuma yote aliyofanya mazoezi Coletha alikuwa hajamsikia akimaliza sentensi. Akaingia. Mpira wa kwanza alioupata aliupenyeza katikati ya mabeki wawili waliokuwa bado wanamtafuta kwa macho, winga akaukuta mbele ya lango, bao. Baadaye akafanya hivyo tena. Mshikamano wakashinda, na Papy akapuliza vuvuzela yake ya Kombe la Dunia mpaka watu wa ghorofa za jirani wakafungua madirisha.

Papy alikuwa na duka la simu karibu na Grey Street. Ndiye aliyenunua jezi, ndiye aliyeleta maji ya kunywa, na kwa hiyo alijihesabu kuwa nusu kocha.

"Coach, umeona?" alimwambia Coletha huku akimshika bega. "Ile mutoto iko ya timu ya taifa! Mi najua mupira. Nikiangalia mutu mara moja, najua."

"Papy, golikipa wao alikuwa amesahau miwani nyumbani."

"Miwani haifungake bao!"

Sasa wewe mjibu mtu wa namna hiyo.

Jumapili iliyofuata walicheza na kina dada wa Umlazi, wenyeji waliokuwa wamealikwa kwenye ligi na waliokuwa wakipiga mpira tangu utotoni. Laurette alianza. Kila alipopokea mpira, mpinzani mmoja wa Umlazi alikuwa tayari amemgusa kisigino. Alipofanikiwa kupiga pasi, ilikwenda mahali ambapo hapakuwa na mtu yeyote. Mara moja, mara mbili, mara ya tatu, mpira unateleza kwenye nafasi tupu na kutoka nje polepole, wakati Marie-Claire, mshambuliaji wa kati, amesimama mikono kiunoni akiusindikiza kwa macho. Walifungwa matatu bila. Bao la mwisho lilitokana na mpira ambao Laurette aliuachia baada ya kukwatuliwa. Aliposimama hakuufuata tena.

Kabla Coletha hajakusanya koni, baraza lilikuwa limeshakaa.

"Franchement, coach, iko zero," Papy alisema. "Zero kabisa. Ule hawezi kucheza mupira. Anaogopa."

"Wiki iliyopita ulisema ni wa timu ya taifa."

"Wiki iliyopita ilikuwa wiki iliyopita."

Marie-Claire akaja akitweta, wigi kaishika mkononi. Alikuwa mama wa makamo, mwenye kifua na makalio ya heshima, na bado alikuwa mfungaji bora wa timu kwa sababu mabeki walishindwa kumzunguka. "Mi namupenda, anafanya kazi kwangu, anasuka muzuri," alisema. "Lakini mupira anatuma wapi? Kwa malaika? Mi siko taxi ya kukimbia kila pahali. Anipe hapa." Akaonyesha miguu yake. "Hapa!"

Sia alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, goti limefungwa bandeji. "Tatizo hashiki mpira," alisema. "Namba kumi lazima aushike, atulize mchezo. Nitampigia nimweleze."

"Usimpigie," Coletha alisema.

"Nitampigia kidogo tu, dada."

Jumapili ya tatu ndiyo iliyomtoa Coletha roho. Walicheza na Wamalawi, timu ya kawaida, na Laurette hakupoteza hata mpira mmoja. Hakupoteza kwa sababu hakujaribu. Kila alipoupata aliurudisha kwa beki aliyempa, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani anayelia. Coletha alipiga kelele tangu kipyenga cha kwanza hadi cha mwisho. Geuka! Tazama mbele! Siyo nyuma, mbele! Umeuona? Mbona huuoni! Sauti ikamkauka. Mechi ikaisha bila kwa bila, na mashabiki wachache waliokuja wakaondoka kabla ya muda, wengine wakipiga miayo.

Na hapo sasa, ajabu, watu wakampongeza binti.

"Afadhali leo," Marie-Claire alisema. "Ametulia."

"Anakomaa," Sia alisema.

"Bado iko zero," Papy alisema, "lakini zero muzuri."

Coletha aliwaacha wakibishana akaenda kumalizia hasira zake kwa kung'oa nyavu za magoli peke yake.

Jumatano jioni, kwenye mazoezi, alimwita Laurette pembeni, wakaketi kwenye ukuta mfupi unaotazama barabara. Taxi zilikuwa zikipigiana honi kwenye robot, zile taa za barabarani. Laurette alikuwa na mafuta ya nywele mikononi bado, akawa anayafuta kwenye soksi.

"Mwanangu, nieleze," Coletha alisema, akijitahidi kuishusha sauti. "Siku ya Warundi ulipiga zile pasi. Zimekwenda wapi? Kwa nini unarudisha nyuma kila mpira?"

Laurette akamalizia kufuta vidole, kimoja kimoja.

"Njo vile walisema, yaya," akajibu; yaya kwao Uvira ni dada mkubwa.

"Nani walisema?"

"Wote." Akaanza kuhesabu, na ilikuwa mara ya kwanza Coletha kumsikia akiongea maneno mengi kwa mpigo. "Papa Papy anakuja saluni asubuhi, anasema nipige mbali. Mama Marie-Claire anasema nimupatie kwenye miguu. Yaya Sia ananipigia simu, anasema nishike mupira, nisiachilie haraka. Wateja nao. Iko mama moja nilikuwa namusuka, hajawahi hata kuona mupira, akaniambia bwana yake anasema mimi niko muvivu." Akamgeukia Coletha. "Na wewe, yaya, ukiwa pembeni unasema geuka. Nikigeuka, unasema umechelewa. Nikipiga, unasema siyo hapo. Nikarudisha nyuma. Nikirudisha nyuma, hakuna mutu ya kunilaumu ila wewe moja."

Coletha akatazama barabara mpaka robot ikabadilika rangi na magari yakaondoka.

"Eish," alisema.

Labda mambo yangetulia hapo, lakini Sia, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameshaongea na mtu. Huko Westville alimfahamu Hlengiwe, kocha wa timu ya wanawake ya chuo kimoja kidogo cha binafsi hukohuko. Hlengiwe alikuwa akitafuta kiungo wa mbele. Ambaye angechaguliwa angepewa pia nafasi ya kusoma na chumba cha kulala. Sia alimweleza habari za binti wa Uvira anayeona pasi ambazo wengine hawazioni, na Hlengiwe akasema Jumapili atapita kumtazama.

Habari zilifika mjini kabla ya Coletha kufika nyumbani. Kesho yake dukani kwa Papy mteja hakuuziwa hata chaja bila kuelezwa. Papy sasa alikuwa wakala. Alikuwa amebadilisha mawazo, au kama alivyosema mwenyewe, hakuwahi kuyabadilisha; ile zero ilikuwa ya kumtia mtoto moyo.

Ijumaa Coletha alitoka kazini akapita saluni kwa Marie-Claire, akawakuta wote humo. Laurette alikuwa nyuma ya kiti akisuka, uso ameuinamisha. Papy alikuwa amesimama mbele yake akionyesha kwa kitana na kopo la mafuta jinsi namba kumi anavyopaswa kuwapita mabeki. Marie-Claire alikuwa akimsahihisha Papy. Mteja aliyekuwa akisukwa naye alikuwa na maoni yake.

Coletha akagonga meza ya kioo kwa kiganja. Dryer ikazimwa.

"Nisikilizeni. Kuanzia sasa mpaka Jumapili jioni, mtu asimwambie Laurette neno lolote la mpira. Lolote! Papy, hata hapa usije."

"Coach, mi njo nanunuaka maji..."

"Tutakunywa ya bomba."

"Sasa mi nitamusemesha aje?" Marie-Claire akauliza. "Tunafanya kazi pamoja."

"Mwambie akupe kitana. Mwambie afagie. Mwambie Bwana asifiwe. Mpira, hapana." Kisha akavuta pumzi. "Na mimi pia. Jumapili sitasema kitu."

Marie-Claire akacheka mpaka akakaa. "Wewe? Usiseme kitu?"

Jumapili ilikuwa ya upepo mkali unaotoka baharini, upepo wa kupeperusha vumbi la upande ule usio na nyasi. Hlengiwe alikuja na gari dogo jeupe, mwanamke mrefu mwenye miwani ya jua, akasimama peke yake karibu na bendera ya kona. Wapinzani walikuwa Wakenya na Waganda waliochanganyika, watu wa mbio na viwiko. Coletha alikaa kwenye benchi akauma ncha ya skafu yake.

Kipindi cha kwanza kilikuwa aibu. Laurette alipokonywa mpira mguuni, likawa bao. Akapiga pasi mbele, ikaenda kwenye nafasi tupu, Marie-Claire mikono kiunoni. Akapiga nyingine, safari hii mbovu kweli, moja kwa moja kwa adui. Papy alishindwa kuvumilia, akakimbilia kwenye mstari akipunga mikono. "Rudisha! Piga mbali! Shika!" Yote matatu kwa pamoja. Coletha akainuka, akamshika mkono kama mtoto, akampeleka hadi nje ya uzio, akarudi kukaa. Neno hakusema. Skafu ilikuwa imelowa.

Kwa kuwa hakuwa na kazi ya kupiga kelele, alibaki na macho tu. Zamani alikuwa akiufuata mpira na kuushambulia kwa mdomo kila unapokwenda. Sasa akaanza kumtazama binti wakati mpira uko mbali naye. Na akaona kitu. Kabla mpira haujamfikia, Laurette aligeuza kichwa kushoto, halafu kulia, haraka, kama mwanamke anayevuka barabara ya njia mbili. Kila mara. Hata mpira ulipokuwa bado kwa golikipa. Hakuna aliyemfundisha, Coletha mwenyewe hakuwahi kuwaza kulifundisha hilo. Kisha mpira ukaja, akaupiga kwa mguso mmoja kwenye uwazi nyuma ya beki, uwazi ambao kweli ulikuwepo, mpana kama chumba. Ukapita ukatoka nje. Marie-Claire akautazama.

"Siyo pasi," Coletha alinong'ona ndani ya skafu. "Ni mbio."

Lakini aliona na jingine. Kila alipogongwa, Laurette alitoweka kwa dakika kadhaa. Alijificha nyuma ya wapinzani, mahali ambapo mwenzake hangeweza kumpa mpira hata akitaka. Hilo nalo lilikuwa kweli, na Coletha hakulipenda.

Walifungwa mawili kwa moja. Hlengiwe alimfuata Coletha, wakazungumza Kiingereza.

"Sia aliniambia huyu ni hodari," Hlengiwe alisema. "Nilichoona mimi ni mtu anayepoteza mipira mingi. Wewe ndiye unayekaa naye. Niambie tu, atakuwa mchezaji au hatakuwa?"

Nyuma ya uzio Papy alikuwa akimtolea Coletha ishara ya dole gumba juu, mikono yote miwili. Ilikuwa rahisi sana. Angesema ndiyo, yule mama angemwamini, na Laurette angelala Westville kabla ya mwezi kuisha. Na kama angeshindwa huko, angerudishwa kama nguo iliyobana.

"Sijui," Coletha alisema.

Hlengiwe akavua miwani.

"Sijui, na yeyote atakayekwambia anajua anakudanganya. Amecheza mechi za kuhesabika. Nitakwambia nilichokiona. Anatazama kabla ya kupokea. Pasi nyingi zilizopotea leo hazikuwa zake, zilikuwa za watu ambao hawakukimbia. Na akigongwa anajificha. La kwanza ni kipaji. La mwisho, sijui kama linatibika. Ningekuwa na mwaka mmoja naye ningekujibu."

"Sina mwaka," Hlengiwe alisema, wala hakusema kwa ubaya. "Nafasi ni ya sasa hivi." Akashukuru, akaingia kwenye gari lake. Juma lililofuata wakasikia amemchukua msichana wa Pinetown.

Lawama zilizomwangukia Coletha zingejaza pipa la taka la kiwanda. Papy hakuleta maji tena. Alimwambia kila aliyeingia dukani kwamba coach amefunga mlango wa mtoto wa watu kwa neno moja. Sia alimpigia na kusema kwa upole unaochoma, "Dada, ungeweza kusema ndiyo tu." Kanisani mama mmoja alimshika mkono akamwambia atamwombea. Hasira zilimpanda Coletha, hasa kwa kuwa alishindwa kujua kama wana makosa. Walewale waliomwita binti zero sasa walikuwa wakililia jina lake kana kwamba Hlengiwe alikuja na taji akaondoka nalo.

Laurette hakuja mazoezini Jumatano. Jumamosi mchana alibisha mlango wa Coletha. Alikuwa amevaa nguo za kazini, nyuzi za rasta zimemnasia kwenye sweta.

"Shikamoo, yaya," alisema, maana alikuwa amejifunza kwamba Watanzania hupenda hivyo.

"Marahaba. Ingia."

Hakuingia. "Wanasema ulimwambia ule mama hunijui."

"Nilimwambia sijui. Si kitu kimoja."

"Kwangu iko kitu kimoja." Safari hii hakuinamisha uso. "Chumba, yaya. Masomo. Uliniona nahitaji, na ulisema sijui."

Coletha akamvuta ndani kwa nguvu, akamketisha, akamweleza yote, neno kwa neno, vile alivyomwambia Hlengiwe. Habari ya kichwa kinachogeuka. Habari ya pasi na mbio. Halafu akaeleza na la kujificha, bila kulipaka sukari.

Laurette alisikiliza mpaka mwisho. "Ile ya kujificha iko kweli," alisema polepole. "Naogopa kuumia mukono. Nikivunjika mukono, sisuki. Nisiposuka, naishi aje?"

Hilo Coletha hakuwa amelifikiria hata kidogo. Hakuna aliyelifikiria, katika baraza zima lile la wajuzi.

"Na zile mbio?" Coletha aliuliza. "Ulijua kwamba Marie-Claire ndiye asiyekimbia?"

"Najua toka siku ya kwanza."

"Sasa mbona hukumwambia?"

Laurette akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hajaruka kutoka ghorofani. "Iko mama yangu, yaya. Iko patron yangu, njo ananilipa. Nitamwambia aje akimbie?"

"Uwanjani namba kumi ndiye anayesema. Hata Sia alikuwa anamwambia."

"Yaya Sia hasukake kwake."

Coletha akainuka. Akachemsha chai.

Jumapili Laurette alikuja. Walicheza na Warundi wale wa Point, na safari hii golikipa alikuwa na miwani yake, imefungwa kwa kamba ya mpira nyuma ya kichwa. Coletha alimwambia binti jambo moja tu: akigongwa aanguke kwa bega, mikono kifuani, na alikuwa amemwonyesha kwenye nyasi kabla ya mechi, yeye mwenyewe na umri wake akijibwaga chini huku watu wakicheka.

Kipindi cha pili, wako nyuma kwa bao moja, Laurette aligongwa akaanguka kwa bega. Akaamka akauomba mpira hapohapo. Akaupokea, akageuza kichwa, akaupiga kwenye uwazi. Marie-Claire, mikono kiunoni.

"Mama Marie-Claire!" sauti ikapasuka katikati ya uwanja, sauti ambayo hakuna aliyeitambua. "Pardon, mama! Kimbia!"

Hata refa aligeuka. Marie-Claire akasimama wima, akaweka kidole kifuani pake.

"Mimi? Unaniambia mimi?"

"Njo, mama. Pardon." Laurette alikuwa amefumbata mikono kama anayeomba radhi, lakini hakurudi nyuma hata hatua. "Nikiinua kichwa, kimbia. Usingoje mupira. Pardon."

Coletha akajikuta amesimama. Alijua watu wanafukuzwa kazi kwa kosa dogo kuliko hilo.

Mpira ukarudi mchezoni. Punde Laurette akaupata tena, akainua kichwa, na Marie-Claire, akinung'unika kwa Kifaransa maneno ambayo mchungaji wake asingependa kuyasikia, akaanza kukimbia. Alikimbia kama kabati linalosukumwa, lakini alikimbia. Mpira ukamkuta mbele ya lango peke yake. Akapiga, golikipa akaokoa kwa goti. Mara ya pili alikimbia bila kunung'unika. Mara nyingine mpira ukamgonga ugoko ukaingia wavuni, akapiga magoti pale kwenye vumbi kumshukuru Mungu, wenzake wakamlalia juu. Walitoka sare. Katikati ya yote hayo Laurette alipoteza mipira mingine miwili kijinga kabisa, na Coletha akapiga kelele kila mara, maana skafu aliisahau nyumbani.

Baada ya kipyenga Marie-Claire alimwendea binti moja kwa moja, amelowa jasho, uso haucheki. Watu wakakaa mkao wa kuamulia.

"Kesho kazini," alisema, "usiniite kwa sauti ile."

"Ndiyo, mama."

"Naweza kukukata mudomo."

"Ndiyo, mama."

Marie-Claire akavaa wigi yake, akaiweka sawa. "Lakini hapa," akaonyesha uwanja kwa kidevu, "hapa niite."

Msimu ukaendelea hivyohivyo, wiki nzuri na wiki mbaya, na Papy akarudi na maji yake na hukumu zake. Mwaka uliofuata, masomo yalipofunguliwa, Hlengiwe alirudi bila kuitwa. Msichana wa Pinetown alikuwa ameondoka kwenda Cape Town. Hakumuuliza Coletha kitu. Alitazama mechi mbili, akamchukua Laurette kwa majaribio, na majaribio yakawa chumba na masomo. Miezi ya mwanzo alikaa benchi tu, na jiji zima likasema lilivyotaka.

Siku moja ya Jumamosi Coletha na Marie-Claire walikwenda Westville kumtazama. Aliingizwa muda ukiwa umebaki kidogo. Mpira wa kwanza akapokonywa. Wa pili akaupeleka kwenye uwazi upande wa kulia, na winga, msichana mwepesi mwenye mapaja ya mkimbiaji, akabaki amesimama akiutazama.

Marie-Claire akaruka kutoka kwenye kiti chake. "Kimbia, weye! Ameinua kichwa! Huoni ameinua kichwa?" alipaza sauti kwa Kiswahili, kwa watu ambao hawakujua neno hata moja, na wazazi waliokaa mbele wakageuka wote.

"Kaa chini, Marie-Claire," Coletha alisema, akimvuta blauzi. "Kaa chini jamani, tunaaibika."

Lakini naye alikuwa ameshasimama.